Ukosi wa Sorye

Asubuhi ile Bi Wolsun hakula. Aliikoroga supu yake ya soya mpaka ikapoa, akaisukuma kando, akashika simu, akaiweka chini, akaishika tena. Hakuna aliyemuuliza ana nini. Mkwewe, Yeonju, alikuwa anafunga bendeji ya kifundo cha mkono kwa meno. Mwanawe, Gitae, alikuwa amepiga magoti akitafuta soksi ya mtoto chini ya meza ya kuchorea. Na mtoto mwenyewe, Solbi, alikuwa analalamika kwamba kimchi ya figili imechacha mno na kwamba wenzake shuleni hula mayai.

"Mama, kula basi," alisema Yeonju alipomaliza fundo. "Supu imezidi chumvi?"

"Supu haina neno."

Bi Wolsun alimtazama mkwewe kwa jicho la mtu anayemtazama daktari aliyetoka chumba cha wagonjwa kimyakimya.

"Wewe Mama Solbi, siku hizi unalala kweli?"

"Nalala, Mama."

"Hm," alisema mama mkwe, akairudia simu yake yenye herufi kubwa kama za ubao wa shule.

Nyumba ile ya orofa ya tatu pale Bucheon iliishi kwa katuni. Yeonju alichora, Gitae alipaka rangi na kujenga mandhari, na kila juma sehemu mpya ilipandishwa kwenye simu za watu nchi nzima. Katuni iliitwa "Mshonaji wa Soko la Madokebi". Ilimhusu Sorye, binti wa enzi za wafalme, aliyekuwa akiwashonea nguo madokebi, yale mazimwi yanayotokana na mafagio makuukuu na michi iliyotupwa, yenye kupenda mieleka na pombe ya mchele. Kwa kila vazi alilipwa hatua moja ya kumkaribia mdogo wake aliyechukuliwa, naye kwa kila hatua alitoa kumbukumbu yake moja. Madokebi wote walitoka kinywani mwa Bi Wolsun, ambaye alizaliwa Gokseong, kando ya mto Seomjin, na alikuwa akiwazungumzia kama majirani waliohama. "Yule wa ufagio hakuwa mbaya," angesema akimenya vitunguu. "Alikuwa na deni la mieleka tu." Na Yeonju angeiacha sufuria motoni akakimbilia kibao chake cha kuchorea.

Jioni iliyotangulia walikuwa wamepandisha sehemu kubwa kuliko zote. Sorye alikuwa amesimama katikati ya daraja, nyuma yake kijiji, mbele yake taa za soko la madokebi. Picha moja ndefu, ya kushuka nayo kwa kidole mpaka mtu asahau anapumua. Yeonju alikuwa ameichora kwa majuma, akiuloweka mkono kwenye maji ya barafu kati ya kipande na kipande. Kampuni iliyochapisha katuni iliipenda hata kabla haijapandishwa, ikaitia kwenye mabango ya vituo vya treni.

Kabla ya chakula cha mchana, Gitae aliacha kupaka rangi.

"Mama Solbi. Hebu njoo uone wanavyoandika."

"Wameipenda?"

Alimsogezea simu.

*Mwandishi, umemvisha nguo ya maiti au ya wavamizi? Chagua moja.*

*Ukosi uko kinyume. Hata mtoto wa chekechea anajua.*

*Huyu mwandishi ni mtu wa wapi hasa? Nani anamlipa aichezee historia yetu?*

Yalikuwa mengi, na kila alipokiburuta kidole yalizidi kumiminika. Yeonju aliifungua picha kwenye kibao, akaikuza mpaka kifua cha Sorye kikajaa kioo chote. Hakuhitaji kutazama mara mbili. Koti la hanbok, vazi la jadi la Kikorea, hufungwa upande wa kushoto wa mvaaji ukilala juu ya upande wa kulia. Hivyo ndivyo mama humvisha mwanawe siku ya kutimiza mwaka, hivyo ndivyo bibi arusi huvaa. Kinyume chake ni maiti tu, na wale maadui wapanda farasi wa kwenye vitabu vya historia. Na Sorye wake, pale darajani, mbele ya nchi nzima, alikuwa amefungwa kinyume.

"Niligeuza picha nikasahau kuirudisha," alisema.

Ilikuwa ajali ya kazi. Wachoraji huigeuza picha kama inavyoonekana kwenye kioo, tena na tena kutwa nzima, ili jicho lione pua iliyopinda au bega lililoshuka. Mwishowe jicho huzoea pande zote mbili, na kulia na kushoto huwa mamoja.

Gitae alikuwa ameinamisha kichwa.

"Hukusahau wewe," alisema. "Ile siku uliyompeleka Solbi kwa daktari wa meno, mhariri wetu Ban alipiga simu. Akasema uso wa Sorye uangalie upande wa pili, maandishi ya bango yanamziba. Nikamwambia ngoja nimuulize mwenyewe. Akasema, 'Geuza tu, kaka, ni kitu cha kubonyeza.' Nikabonyeza."

"Alisema kwa mdomo?"

"Kwa mdomo, halafu akaandika. Ujumbe ninao."

"Na hukuniambia."

"Ulirudi mkono umevimba kama kiazi. Nikasema nitakuambia ukishapumzika. Halafu..." Akajikuna kisogo. "Niliona imependeza vilevile."

Yeonju alimtazama mumewe, nywele zake ambazo alikuwa anamkata yeye mwenyewe jikoni, zilizokuwa fupi zaidi upande mmoja. Alitaka kupiga kelele. Lakini ile picha hata yeye alikuwa ameiona kwenye bango, kubwa kuliko mlango, na alikuwa amesimama mbele yake akilia kwa furaha, na hakuona kitu.

Simu ikaita. Ilikuwa ya Mhariri Ban.

"Mwandishi Pyo, pole sana. Hebu fika ofisini mara moja. Usijibu chochote mtandaoni. Chochote."

Mlangoni, akiwa ameingiza mguu mmoja kwenye kiatu, alishikwa mkono na mama mkwe.

"Nataka kukuuliza kitu, na usinikasirikie."

"Uliza, Mama."

"Ulimuua lini?"

"Nani?"

"Sorye!" Machozi yalikuwa yamemtoka tayari. "Tangu jana najiuliza, sijala, sijalala. Pale darajani keshakufa. Amefungwa kama langu lile."

Alielekeza kidevu kwenye kabati. Ndani yake, juu kabisa, kwenye boksi la kadibodi, lilikuwa vazi lake la kuzikiwa, la katani, alilolishona mwenyewe katika mwezi wa ziada wa kalenda ya zamani, kama wafanyavyo wazee wanaotaka maisha marefu. Kila mwaka alilitoa, akalianika, akalikunja tena. Solbi aliwahi kulijaribu na kuchapwa kidogo.

"Sikusema kitu nisije nikakuharibia mpango wako. Lakini mtoto wa watu, Mama Solbi! Alikuwa anakwenda kumchukua mdogo wake. Na mwenyewe hajui kama amekufa, maskini, anatabasamu vile."

Yeonju alibaki na mguu mmoja hewani. Alihisi kitu kikifunguka kichwani, mlango baada ya mlango. Sorye aliuza kumbukumbu zake mpaka akaiuza ile ya kufa kwake. Ndiyo maana sehemu tatu zilizopita hakuna aliyemkaribisha chakula. Ndiyo maana mbwa wa kijijini hakubweka. Ndiyo maana dokebi wa ufagio, anayenusa damu ya mtu aliye hai toka ng'ambo ya mto, alimpita kama anapita jiwe. Yeye mwenyewe alikuwa amevichora vile vitu bila kujua kwa nini, kwa sababu tu vilikuwa na huzuni nzuri. Sasa kila kimoja kilikaa mahali pake.

"Mama," alisema, akamkumbatia yule mzee hadi kikatoka kikohozi. "Mama, umeniokoa!"

"Niache, utanivunja. Kwa hiyo amekufa kweli?"

"Amekufa, Mama. Amekufa vizuri kabisa!"

Akashuka ngazi akikimbia, kamba za kiatu kimoja zikiburuta.

Ofisini alikalishwa kwenye chumba cha vioo. Watu walipita wakijifanya hawamwoni. Mara zote alizowahi kuja aliulizwa kama anataka kahawa ya moto au ya barafu. Leo msichana wa mapokezi aliweka maji kwenye kikombe cha karatasi, nusu, akaondoka bila kuinamisha kichwa.

Ban aliingia na mwanamke wa idara ya sheria. Ban alikuwa kijana kuliko Yeonju, mwenye adabu, mwenye miwani ambayo alikuwa akiifuta kila anapokuwa na jambo baya la kusema. Aliivua akaanza kuifuta.

"Mwandishi, umeona hali ilivyo. Vituo vitatu vimeomba tuondoe mabango. Wasomaji wanataka jibu."

"Ninalo jibu," alisema Yeonju. "Sorye amekufa."

"Samahani?"

Alieleza. Alieleza kwa mikono miwili, bendeji ikilegea: ile kumbukumbu iliyouzwa, mbwa, chakula, pua ya dokebi. Ule ukosi ungekuwa ndiyo dalili ya kwanza. Sehemu ya juma lijalo, Sorye angejitazama kwenye maji chini ya daraja na kuona jinsi alivyofungwa, na kuelewa. Alipofika hapo, hata yule mwanamke wa sheria aliacha kuchezea simu. Ban aliirudisha miwani usoni, akachukua kalamu, akaandika.

"Ni wazo zuri," alisema. "Zuri sana, kwa kweli."

"Basi tutangaze hivyo."

"Leo? Leo ukisema ulikusudia, watasema unawafanya wajinga. Watu wana hasira. Kwanza barua ya kuomba radhi. Kwa mkono wako. Hali ikitulia, tutazungumza."

Alimsogezea karatasi iliyopigwa chapa, maneno ya kufuatwa. Yeonju akasoma. *Kwa ujinga wangu. Sikufanya utafiti wa kutosha. Kosa hili halikuwa na nia wala maana yoyote katika hadithi.*

"Hili la mwisho sitaweza," alisema. "Nikiandika kwamba halina maana yoyote, baadaye nitasemaje lina maana?"

"Ya baadaye tutayaona baadaye."

"Na hili la ujinga. Mhariri Ban, wewe ndiye uliyesema igeuzwe."

Mwanamke wa sheria alimtazama Ban. Ban hakumtazama mtu. Alivua miwani tena.

"Mwandishi Pyo. Juu ya katuni lipo jina la nani?" Aliuliza polepole, karibu kwa huruma. "Mimi nikichafuka, watanihamishia kwenye kalenda na kadi za salamu, basi. Wewe je? Unataka msimu wa pili, sivyo? Ulitaka na kitabu cha karatasi. Nimekupigania hicho kitabu, unajua mwenyewe. Niache niendelee kukupigania."

Yeonju alikunja ile karatasi. Alikunywa yale maji nusu, kwa sababu mikono ilihitaji kitu cha kufanya.

"Kalamu nyeusi," alisema yule mwanamke wa sheria alipokuwa anatoka. "Ya bluu huonekana kama mzaha."

Barua ya namna ile haipigwi chapa. Huandikwa kwa mkono, hupigwa picha, na watu huikuza kwenye simu zao wapime kama mwandishi alitetemeka pale alipotakiwa kutetemeka. Ikiwa safi mno, umeiga. Ikiwa chafu, umedharau.

Yeonju alikaa sakafuni mbele ya meza ya kulia, mchana mweupe, pazia limefunguliwa apate mwanga. Kidole gumba hakikutaka kuibana kalamu. Kalamu ya kibao alikuwa amezoea kuisukuma kwa mkono mzima. Hii ya wino ilidai vidole, na vidole vilikuwa vimekwisha.

"Naurusha," alisema Gitae akiwa amesimama nyuma yake na simu. "Ujumbe wa Ban naurusha sasa hivi, kila mtu auone."

"Halafu?"

"Halafu wajue ni nani."

"Halafu nani atatupa kazi, Baba Solbi? Hawa wahariri wote wanakula chakula cha mchana meza moja. Tutakuwa wale waliomchoma mhariri wao."

"Kwa hiyo tukae tu? Tukanyagwe?"

"Alisema ataendelea kupigania kitabu."

"Ban!" Gitae alicheka kicheko kikavu. "Ban huyohuyo aliyeniita kaka akitaka nibonyeze? Basi niandike mimi. Mwandiko wangu mzuri, na kosa ni langu."

"Jina ni langu," alisema Yeonju, akainamia karatasi.

Solbi alirudi kutoka shule, akaketi karibu naye, akatazama kwa makini.

"Mama, hiyo 'ujinga' imepinda."

"Najua, mwanangu."

"Nikupe kifutio changu? Cha sungura."

"Wino haufutiki."

"Basi rudia. Ukirudia vizuri, mwalimu anakupa nyota." Mtoto alikwenda kwenye mkoba wake, akarudi na karatasi ya nyota za kubandika, akachagua ya dhahabu, akaibandika kwenye bendeji ya mama yake. "Ya kwanza ndiyo hiyo. Nyingine ukimaliza."

Yeonju alirudia. Ban alituma majibu: karatasi isiwe na mistari. Akarudia. Ban akatuma tena: neno "ujinga" lisogee mstari wa kwanza. Akarudia, na safari hii mkono ulikuwa umekwisha kabisa, herufi zikatoka kama zimeandikwa ndani ya basi. Ile ndiyo iliyopokewa. Ban alisema inagusa moyo.

Jioni ikapandishwa. Kabla wali haujaiva, yalikuja maneno.

*Mwandiko wa kuku. Anatudharau.*

*Anajifanya mkono unauma. Mkono ukiuma, utachoraje?*

*Ameungama mwenyewe kwamba hajui kitu. Kwa nini mtu asiyejua kitu anachora historia?*

Chini ya nyumba yao kulikuwa na duka la vitoweo la mama mmoja wa makamo, Bi Namgung, ambaye alimfahamu kila mtu wa mtaa kwa anachokula. Yeonju aliposhuka kununua tofu, mama yule alimfungia na chipukizi za soya juu yake, bure, na hiyo bure ndiyo iliyomchoma.

"Nimeiona barua yako, Mama Solbi. Mie mambo ya katuni siyajui. Ila si ungeandika taratibu?"

"Nimeandika taratibu, dada."

"Basi ungemwachia baba Solbi," alisema Bi Namgung kwa upole. "Haya, chukua na pilipili."

Siku chache baadaye, Yeonju alipokuwa anamrudisha Solbi kutoka kwa daktari wa meno, walimkuta fundi kituoni amepanda ngazi akilibandua bango. Alikuwa ameanzia chini. Ukosi ulikuwa umekwenda, kidevu kilikuwa kinakwenda. Yalibaki macho na taa za soko.

"Mama, Sorye!" alipaza sauti Solbi, na watu wawili watatu wakageuka. "Mjomba, usimbandue, huyo ni wetu!"

Fundi alimtazama mtoto, akamtazama mama mwenye bendeji yenye nyota. Pengine alielewa, pengine hakuelewa. Alishuka ngazi moja, akakata kwa kisu kile kipande cha macho, akakikunja, akampa mtoto. Kisha akaendelea kukwangua gundi.

Kwanza waliambiwa katuni inapumzika. Neno hilo lilitumika kwa upole, na ndani ya nyumba walilichukua kama lilivyo. Yeonju alitumia mapumziko kuchora Sorye akijitazama majini. Alimchora kwa penseli, kidogo kidogo, mkono ukiruhusu, na kila kipande alichomaliza alikipiga picha akamtumia Ban. Ban alijibu kwa ikoni ya kidole gumba.

Halafu ikaja barua ya kampuni, fupi. Ili kurejesha imani ya wasomaji, katuni itaendelezwa na timu mpya ya wachoraji. Jina la hadithi, wahusika na mandhari ni mali ya kampuni, kama ilivyo kwenye mkataba. Tunamtakia Mwandishi Pyo afya njema, hasa ya mkono.

Yeonju alimpigia Ban. Ilipokelewa na sauti ya msichana. Mhariri Ban amepandishwa cheo, sasa yuko upande wa filamu. Je, achukue ujumbe?

"Rusha ule ujumbe wake," alisema Yeonju, amesimama jikoni. "Baba Solbi, rusha sasa."

Gitae alichukua simu yake. Akaufungua ujumbe, kisha akampa.

"Nani atatuamini? Umeandika kwa mkono wako kwamba ni ujinga wako. Ukatia na muhuri."

Ndivyo ilivyokuwa. Walikaa sakafuni, mgongo kwa mgongo, kama walivyokaa zamani walipokuwa hawana viti. Baada ya hapo Gitae alichukua kazi ya kusambaza vifurushi. Aliondoka kabla ya jua na kurudi akinuka kadibodi. Yeonju alishuka chini kwa Bi Namgung, kumenya vitunguu saumu na kukamua mchicha uliochemshwa, kazi ambayo ingeweza kufanywa kwa mkono mmoja na nusu. Wateja wengine walikuwa wasomaji wake. Hawakumjua. Aliwapimia maharage matamu, akawaambia karibuni tena.

Bi Wolsun hakuambiwa chochote. Kwake katuni ilikuwa bado inapumzika. "Mpe mkono wako mapumziko," alisema kila asubuhi. "Sorye hana haraka. Mtu akishakufa, haraka ya nini?" Na alikuwa amerudia kula, lakini kidogo, kama anayeacha nafasi.

Miti ya maua ya cheri ilipoanza kumwaga petali kwenye paa za magari, Yeonju alikuwa juu, amepanda kula chakula cha mchana na mama mkwe kabla ya kurudi dukani. Solbi alikuwa nyumbani na mafua, amelala kifudifudi akipaka rangi kile kipande cha bango, yale macho, kwa penseli ya zambarau. Simu ya mzee ikalia kengele yake ya kuku.

"Imetoka!" Bi Wolsun aliweka kijiko chini. "Mama Solbi, imetoka! Umeitoa na hukuniambia!"

Yeonju alisimama nyuma ya bega lake. Katuni ilishuka kwenye kioo. Daraja. Taa. Sorye anainama juu ya maji. Kwenye maji, ukosi, upande wa kulia juu ya wa kushoto. Na chini yake, peke yake katika weusi, mstari mmoja: *Ah. Kumbe ndiyo maana mbwa hakubweka.*

Huo mstari alikuwa ameusema mwenyewe, neno kwa neno, kwenye chumba cha vioo, bendeji ikilegea.

Aliichukua simu yake mwenyewe, akageukia dirishani. Wasomaji walikuwa wameshafika.

*Nimepigwa na radi. Ukosi ulikuwa dalili tangu mwanzo!*

*Timu mpya mna akili za ajabu. Mmegeuza aibu kuwa dhahabu.*

*Fikiria yule wa zamani alichora na wala hakujua alichochora. Si aliandika mwenyewe?*

Na chini ya hayo, mtu alikuwa ameiweka tena picha ya ile barua, imekuzwa, mviringo mwekundu kuzunguka maneno *wala maana yoyote*. Watu walikuwa wanacheka chini yake.

"Nilijua!" Bi Wolsun alikuwa analia na kucheka pamoja. "Nilijua mimi, tangu ile siku. Si nilikuuliza mlangoni? Si nilikuuliza?"

"Uliniuliza, Mama."

"Bibi," Solbi aliinua kichwa, pua imejaa, "lakini siyo Mama aliye..."

"Solbi," alisema Yeonju. "Paka rangi yako."

Mtoto alimtazama mama yake, kisha akarudi kwenye macho ya zambarau.

Bi Wolsun alivuta bakuli la wali karibu. Alichukua kijiko kilichojaa, akaweka juu yake kimchi ya figili, akala, akachukua kingine. Alikula kama mtu aliyetoka safari. Mkono wa pili ulikuwa unaishusha picha polepole, unaipandisha, unaishusha. Kisha akasimama kutafuna. Aliileta simu karibu na macho.

"Ila hapa," alisema, akigusa kioo kwa ukucha. "Mkono wa Sorye hapa. Anaishika sindano kama anashika kalamu. Sorye wako hashiki hivi, yeye huilaza kwenye kidole." Akainua uso, ukiwa umejaa huruma. "Hapa ulikuwa umechoka, eh, mwanangu?"

Chini, Bi Namgung alikuwa anamwita kutoka dukani, mchicha umeshachemka.

"Ndiyo, Mama," alisema Yeonju. "Hapo nilikuwa nimechoka sana."